Bastola ya Bwana Pascoe

Kensington, Johannesburg
11 Februari 2018

Mpwa wangu Violeth,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la mama yako limepata nafuu. Sisi tupo. Mkazamjomba wako Nomathemba anawasalimu wote. Bado anajivunia kuwa Kiswahili chake alikipata huko Mazimbu, enzi Waafrika Kusini wenzake walipokuwa wakimbizi kwetu, na si kwangu, na kila akikosea husema hivyo ndivyo mlivyokuwa mkisema Morogoro. Mjukuu wetu Sizwe ameanza darasa la kwanza. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, kisha ananijibu kwa Kizulu. Nimeacha kugombana naye.

Umeniuliza nafanya nini tangu nilipostaafu kufundisha fizikia. Karatasi hii msomee mama yako kwa sauti kama kawaida. Ya pili ni yako peke yako.

*

Violeth, nakusanya bastola za zamani. Usiitupe barua, ngoja nikueleze.

Bastola si za aina moja. Kuna za askari, kuna za majambazi, na kuna zilizotengenezwa kwa kazi moja tu, kutoboa karatasi. Hizo ndizo zangu. Ni za gurudumu, yaani risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka. Mtutu wake ni mrefu kuliko kawaida, kijichuma cha kulengea cha nyuma kinasogezwa kwa skrubu ndogo kama ya saa, na kifyatulio ni laini kama kuvunja njiti ya kiberiti. Mlengaji alisimama wima, mkono mmoja mfukoni, akatoboa karatasi, akaenda zake kunywa chai.

Aliyenifundisha ni jirani yetu mzee François, kabla hajahamia kwa binti yake Durban. Hapa sheria ni kali. Lazima uwe mwanachama wa chama cha wakusanyaji, kila moja iwe na leseni, na polisi waje kukagua sefu iliyofungwa ukutani. Na chama chetu kina desturi ninayoipenda: huruhusiwi kumiliki tu, lazima uichunguze na kuiandikia historia. Mwalimu mstaafu atake nini zaidi?

Ninazo nne. Ya mwisho ina maandishi mgongoni mwa mpini: H. Pascoe, 1934. Ni zawadi ya klabu. Niliwaandikia watengenezaji Marekani na namba yake, wakanijibu kwamba ilitumwa kwenye duka moja la hapa Johannesburg. Nikaenda maktaba kusoma magazeti ya zamani. Bwana Harold Pascoe alikuwa mpima ramani wa migodini, na kila mwaka jina lake liko juu kwenye matokeo ya kulenga shabaha. Mwaka 1938 linatoweka. Nadhani macho yalimchoka. Wengi huacha kwa sababu hiyo.

Jambo moja nina hakika nalo: bastola hii haijawahi kumuumiza mtu. Ukimkuta mama yako ana moyo mweupe, mdokeze hilo, polepole.

Mjomba wako,
Ephraim Mkude


Morogoro
19 Machi 2018

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Goti la mama linaamka na kulala lipendavyo, lakini Jumapili alifika kanisani kwa miguu na akarudi akimlaumu padri kwa mahubiri marefu, kwa hiyo ujue amepona. Zahanati kwetu kuna malaria nyingi, mvua ya masika imewahi. Msalimie Mkazamjomba, mwambie Mazimbu hatujawahi kusema "kitabu hizi".

Karatasi ya kwanza nilimsomea. Alifurahi kuhusu Sizwe, akauliza, "Mbona Ephraim siku hizi anaandika kidogo hivi?" Nikasema wino umepanda bei.

Sasa tuje kwako. Mjomba mzima! Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, ndiye anayekaa mbele kwenye posa na kwenye msiba, na wewe mwenye neno letu umekaa Johannesburg unasugua bastola! Siku wakija kuniposa uwaambie una sefu, labda wataongeza heshima.

Lakini nikuulize swali moja la kazini kwangu. Unajuaje haijamuumiza mtu? Mgonjwa akituambia "sijawahi kuugua", hatuandiki hivyo. Tunaandika "anasema hajawahi", halafu tunauliza tena kwa njia nyingine.

Mama sijamdokeza. Moyo wake ni mweupe, lakini si kwa bastola.

Mpwa wako mtiifu (kidogo),
Violeth


Kensington
6 Mei 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafurahi goti limefika kanisani. Huku baridi imeanza, Nomathemba ameshatoa mablanketi na kunikataza kukaa kwenye chumba changu cha nyuma bila koti. Sizwe amepoteza jino la mbele na anamwonyesha kila mtu pengo. Msomee mama yako mpaka hapa.

*

Kwanza, sizisugui. Kusugua ndiyo dhambi kubwa kuliko zote katika kazi hii. Ukiing'arisha bastola ya zamani umefuta rangi yake ya asili, na pamoja nayo ushahidi wa mikono yote iliyoishika. Mkusanyaji wa kweli hufuta vumbi na kupaka mafuta kidogo, basi.

Pili, swali lako ni zuri na nimelijibu. Nimerudi maktaba, nikapitia kurasa za michezo za mwaka 1938 wote. Hakuna ajali kwenye uwanja wao, hakuna aliyejeruhiwa. Umeridhika, muuguzi?

Tatu, keti kwanza. Nimempata binti yake! Aliolewa, sasa ni mjane, anaitwa Bi Marjorie Dunstan, ana miaka themanini na sita na anaishi Observatory, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, kule mlimani. Nilimpigia simu. Ni mtu mkimya. Nilimweleza jinsi nilivyoipata ile bastola, nikamsomea alama za baba yake mwaka kwa mwaka, nikamfafanulia hata kifyatulio. Mara mbili alianza, "Bwana Mkude, kuna jambo…" Nikamwambia asiwe na shaka, usafiri tutamtumia sisi.

Maana nimemwalika awe mgeni wa heshima. Tarehe mbili Juni chama chetu kina maonyesho ya mwaka kwenye ukumbi mmoja Doornfontein. Meza yangu itakuwa ya kwanza mlangoni. Chini ya kila bastola tunaweka kadi, na kadi hii nimeiandika kwa mkono wangu: "Zawadi ya Harold Pascoe, bingwa. Silaha hii haijawahi kumwaga damu ya mtu."

Nitakutumia picha.

Mjomba wako,
Ephraim


Morogoro
2 Septemba 2018

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wewe na wa kwako ni wazima. Nasema natumaini kwa sababu sijui. Barua yangu ya Juni hukuijibu. Nikasikia posta yenu imegoma, nikasubiri. Mgomo umekwisha, bado kimya.

Huku mama mzima, mahindi tumevuna, na binamu yako Lambert amefungua duka la dawa za mifugo.

Juzi nilimpigia simu Mkazamjomba. Nikamwuliza, "Mjomba anaumwa?" Akasema, "Eish, mwanangu, haumwi. Amekula chakula kidogo, amesema maneno machache zaidi. Mimi nimeishi na mwanamume huyu tangu Mazimbu, sijawahi kuisikia nyumba yangu ikiwa kimya hivi. Niliita fundi aangalie friji, nikidhani imekufa." Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwuliza kuna nini, akasema hilo ni lako kulisema.

Picha ya maonyesho hukutuma. Mjomba, kulitokea nini?

Violeth


Kensington
23 Septemba 2018

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sisi ni wazima wa mwili. Mpe mama yako salamu zangu, na pole nyingi za goti. Nomathemba anawasalimu. Sizwe anasoma. Leo sina habari zaidi za karatasi ya kwanza.

*

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara nimejikuta naeleza historia ya klabu za kulenga shabaha. Nitajitahidi nisieleze.

Siku ile Bi Dunstan alikuja. Ni mwembamba, alivaa koti la kijivu na glavu, na alishikwa mkono na mlezi wake, mama Mkongo wa Bukavu aitwaye Marthe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikawatangazia watu kwamba huyu ni binti wa Pascoe mwenyewe, wakapiga makofi. Nikamweleza mbele yao kila kitu. Mtutu, skrubu, mpini. Alisimama anaitazama meza. Alisoma ile kadi. Nilimwona akiisoma, midomo yake ilisogea, nami nikadhani anafurahi.

Kisha mwenye kamera wa chama akaomba picha. Violeth, nilimvua glavu. Nilimwomba ruhusa, ndiyo, lakini nilikuwa nimeshashika vidole vyake. Nikamwekea bastola mkononi, nikamkunjia vidole juu ya mpini, nikasimama pembeni yake nikitabasamu. "Inua kidogo, mama," nikamwambia, "maandishi yaonekane." Akainua. Picha ikapigwa. Akairudisha mezani taratibu sana, akasema, "Asante, Bwana Mkude. Naomba sasa niende nyumbani."

Nikawasindikiza hadi kwenye gari, nikiendelea kuongea. Alipokwisha kuketi, Marthe akafunga mlango, akanigeukia. Alizungumza Kiswahili chao, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto.

"Papa, ile kitu njo iliua baba yake. Alijipigaka nayo mwenyewe, kule nyumbani. Yeye alikuwa mutoto wa miaka sita."

Nikasema, "Mbona hakuniambia?"

"Alitaka kukuambia kwa telefone. Alitaka kukuambia pale ndani. Lakini weye, Papa, hauachake kusema."

Akaingia garini. Dereva alikuwa wetu, kijana wa chama, na ilinibidi nimwambie aondoke, maana alikuwa anasubiri ishara yangu.

Jumatatu nilirudi maktaba. Gazeti ni lilelile nililolisoma, la Aprili 1938. Ukurasa wa michezo niliousoma una alama za wiki ile bila jina lake. Ukurasa wa tatu, ambao sikuwahi kuufungua, una habari yenyewe, mistari michache, na anwani ya nyumba. Nilikuwa nimeligeuza gazeti lile kwa vidole vyangu, nikaruka ukurasa wa tatu kwa sababu haukuwa na michezo. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi wasiandike jibu kabla ya kumaliza jaribio. Mimi niliandika jibu, nikaliwekea kadi.

Na picha imechapishwa. Jarida la chama lilikuwa limeshakwenda kwa wachapaji. Mimi natabasamu, yeye ameshika, na chini yake maneno yangu ya damu. Limefika kwa wanachama wote. Mmoja kaniandikia kunipongeza.

Nilimpigia Bi Dunstan. Marthe akapokea, akasema bibi amelala. Nikampigia tena, amelala. Nilimwandikia barua ya kurasa nne za kuomba radhi. Nomathemba aliisoma, akaniuliza, "Hii ni radhi au ni somo?" Nikaichana.

Nikipita kwa miguu kwenda dukani sasa nazunguka barabara ya chini ili nisikutane na gari lao kwenye robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani. Mzee wa umri wangu, najificha. Funguo za sefu nimempa Nomathemba, lakini sheria inasema mwenye leseni ndiye akae nazo, basi akanirudishia. Sijaifungua.

Mama yako usimwambie. Nilitaka umwambie haijamuumiza mtu. Ashukuriwe Mungu hukumwambia.

Ephraim


Morogoro
21 Oktoba 2018

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Nakuandikia mama akiwa amekaa pembeni yangu, kwa hiyo barua hii haina karatasi ya pili.

Nikuambie ukweli. Barua yako ilifika nikiwa zamu, akaipokea yeye. Anavyojua kusoma miwani ikiwa safi, alisoma zote mbili. Niliporudi nilimkuta amekaa uani, kanga kichwani, kama yuko matangani. Nikajua nimekamatwa. Akaniuliza, "Tangu lini mimi nasomewa nusu?" Nikaanza kujitetea, akasema, "Nyamaza. Umemrithi mjomba wako."

Hakusema neno kuhusu bastola, Mjomba. Nilisubiri aseme. Anachokisema naandika kama alivyokitamka:

"Mwambie Ephraim hivi. Amekwenda kwa yule mama kwa ajili ya bastola. Akampigia simu kwa ajili ya bastola. Sasa anataka kwenda kwa ajili ya aibu yake mwenyewe. Je, kwenye msiba amekwenda lini? Yule mama amefiwa na baba. Nani kampa pole?"

Nikamwambia, mama, ni miaka themanini. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Na marehemu Thérèse alipofariki, wewe mtoto wake wa ubatizo ulikuwa Dodoma kozini. Ulirudi baada ya muda gani? Hukwenda kuhani? Walikufukuza?"

Ni kweli, Mjomba. Nilikwenda mwaka uliofuata. Nilikaa kwenye mkeka, sikuulizwa nilichelewa wapi. Waliniambia alivyoanza kuugua, alivyoomba uji, alivyosema mwishoni. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Unajua mwenyewe, kwenye kuhani mgeni hana hoja. Anatoa pole, anakaa, mfiwa akitaka anasimulia, asipotaka mnakaa kimya, kisha unaaga.

Mama anaongeza kwamba mtu haendi kuhani peke yake kama mdai. Nenda na mkeo. Nenda bila picha, bila gazeti, bila kitu mkononi isipokuwa sukari au mkate. Na usiombe msamaha. Anasema msamaha ni kitu unachokwenda kuchukua, na wewe kule umeshachukua vya kutosha.

Mimi langu ni moja. Usieleze.

Violeth, pamoja na dada yako Perpetua


Kensington
2 Desemba 2018

Dada yangu Perpetua, na wewe Violeth,

Salamu kwenu nyote wawili, na msomeane kwa zamu. Mvua zimeanza, mijakaranda imemwaga maua yake yote barabarani na Sizwe anateleza juu yake makusudi. Nomathemba anasema asante kwa ushauri, na kwamba angenipa uleule ila mimi humsikia dada yangu zaidi.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Novemba, nikiwa na mkate wa ndizi aliouoka yeye. Marthe alifungua, akaniangalia mikono. Akasema, "Haukuleta ile kitu?" Nikasema sikuleta. Akatuingiza.

Bi Dunstan alikuwa kwenye kiti dirishani. Aliponiona alijishika vidole vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Niliona, na ningependa nisingeona. Nilitaka kugeuka nirudi. Nomathemba akanitangulia, akamweleza kwamba kwa watu wa mumewe, asiyehudhuria mazishi huja akiweza, hata akichelewa. Mimi nikasema tu, "Pole kwa kufiwa na baba yako."

Akasema, "Umechelewa miaka themanini, Bwana Mkude."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye wa kwanza kufika."

Akamwambia Marthe alete chai. Tukakaa. Baadaye akaanza kusimulia, na alisimulia hadi chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Mnisamehe, sitaandika alichosema. Mara moja nilifungua mdomo, Nomathemba akanikanyaga mguu, nikaufunga.

Hili moja naweza kuliandika, kwa kuwa lilihitaji kazi yangu. Mama yake aliwakataza watoto kwenda mazishini, na baadaye kutaja hata jina. Hajawahi kujua baba yake alizikwa wapi. Tulipokuwa tunaaga akasema, "Wewe unajua kutafuta. Nitafutie alipolala."

Nimetafuta. Safari hii nilisoma kila ukurasa. Yuko kwenye makaburi ya zamani upande wa magharibi wa mji, nyuma kabisa karibu na uzio, hana jiwe, ana kigingi cha chuma chenye namba. Jumanne iliyopita tulimpeleka, mimi, Nomathemba na Marthe. Nyasi zilikuwa ndefu, nikapiga magoti nikazing'oa, nikafuta udongo kwenye namba, nikailinganisha na ile niliyopewa. Ilikuwa yenyewe. Nikasogea pembeni.

Jarida litachapisha sahihisho langu mwezi wa pili. Nimeandika kwamba maneno yaliyo chini ya picha ni ya uongo na kwamba mwandishi wake ni mimi, basi. Mhariri alitaka nieleze ilivyokuwa, nikakataa. Bi Dunstan alinitaka jambo moja tu kuhusu bastola, ibaki pale ambapo mtoto hawezi kuifikia. Itabaki. Sijui kama nitaweza kuitazama tena, na watu wa chama wanaponisalimu bado natazama viatu vyangu. Dada, ulisema nisichukue msamaha, sikuuchukua, wala sikupewa.

Pale kaburini alisimama kwa muda mrefu ameegemea mkono wa Marthe. Upepo ulikuwa unampeperusha koti. Halafu, bila kunigeukia, akaniuliza, "Ni kweli alikuwa hodari?"

Miezi yote ile nilisoma magazeti ili niweze kujibu swali hilo. Ninazo alama zake za kila mwaka kichwani.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa hodari."

Wenu,
Ephraim